Sahani Aliyoisogeza Mkuu wa Wilaya

Ak-Kechuu, 14 Juni 1998

Mwanangu Burulai,

Pokea salamu za nyumba nzima, nikutajie mmoja mmoja ili asije mtu akanilaumu. Baba yako anakusalimu, mgongo umemwachia kidogo, jana alipanda farasi mwenyewe, ila kumshusha tulimshusha watu wawili. Bibi yako Turdukan anakusalimu, lile jino lake moja bado lipo na anajivunia. Kaka yako Ermek anakusalimu, siku hizi yuko nyumbani, anapumzika. Mkewe Aizada anakusalimu na anashukuru kwa kitambaa cha kichwa, kakivaa mpaka kwenye kukamua ng'ombe. Mtoto wao Nurjan ametembea, hatua nne, ya tano akamkalia paka. Jirani Sonunbubu naye anakusalimu. Mimi na yeye hatusemezani tangu ugomvi wa mpaka wa ua, lakini kasimama upande wake wa ukuta akasema kwa sauti kubwa, "Kuna watu wangemsalimia Burulai kama wangeambiwa." Basi umesalimiwa. Na Gulsun wa posta, anayetuunganishia simu, anakusalimu. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia: mara ya mwisho nilipokueleza kwenye simu habari za supu yangu, aliingilia katikati akasema nimezidisha vitunguu.

Mimi ni mzima, usingizi tu ndio haba.

Sasa, tumekuona! Jumanne kwenye habari ya saa mbili. Nusu ya kijiji ilikuja kwetu kwa sababu televisheni yetu inakamata vizuri, Ermek akiushikilia waya. Umesimama kando ya mto palipokuwa na daraja letu, unasema limejengwa mwaka jana na limechukuliwa na maji ya theluji mwezi wa nne, hata mwaka halikumaliza. Watu wakaitikia, "Kweli, kweli!" Halafu ukaonyesha ule mkanda wa karamu: mkuu wa wilaya Omurzak na mkandarasi Shailoo wamekaa kwenye kitambaa kimoja cha chakula kilichotandikwa chini, wanacheka. Ukasema hiyo ni Mei ya mwaka jana, wiki ileile Shailoo alipopewa kazi ya daraja. Baba yako akapiga makofi peke yake.

Mwanangu, yule ni mkuu wa wilaya. Huogopi? Na mbona ulivaa gauni jepesi vile kando ya mto?

Ijumaa mliirudia habari ile, tukaitazama tena. Bibi yako alisema neno kuhusu ile karamu, lakini unamjua bibi yako, maneno yake hayaishi. Tuyaache.

Kula vizuri. Nakutumia jibini kavu na kopo la samli.

Mama yako, Uulkan


Bishkek, 2 Julai 1998

Mama, shikamoo,

Wasalimie wote kwa mpangilio uleule, na Sonunbubu msalimie kwa kupitia ukutani. Samli imefika, nusu ameila mpiga picha wetu Timur akiwa amesimama.

Mama, Ermek anapumzika nini mwezi wa Juni? Si alikuwa anaendesha gari la ofisi ya wilaya? Hukuniambia.

Sitakuficha. Omurzak ametushtaki. Anasema karamu ile haikuwa ya mwaka jana, ilikuwa ya zamani, mtoto wa Shailoo alipotahiriwa, na kwamba wao wamesoma darasa moja tangu utoto. Anasema tumewadanganya watu. Kesi ni tarehe 14 Septemba. Tukishindwa, mwenye kituo atamfukuza dada Klara, na mimi nyuma yake. Dada Klara ndiye mhariri wetu, unamjua, yule aliyenifundisha kushika kipaza sauti nisionekane nimeshika mwiko. Anasema hatutarudi nyuma hata hatua moja. Aliyetupa mkanda aliapa kuwa ni Mei mwaka jana, lakini sasa hapatikani, kaenda Urusi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Nitafutie watu wawili hapo kijijini waliokuwepo kwenye karamu ile, wakubali kusema mahakamani kwamba ilikuwa Mei mwaka jana. Wawili tu. Wewe watu wote wanakupenda, ukiondoa Sonunbubu.

Burulai wako


Ak-Kechuu, 19 Julai 1998

Mwanangu Burulai,

Baba yako hajambo, bibi hajambo, Ermek na Aizada hawajambo, Nurjan amefika hatua kumi na moja. Sonunbubu anakohoa, nilimwachia asali ukutani, asubuhi kopo likawa tupu lakini shukrani sijaisikia.

Ermek anapumzika kwa sababu kachoka. Mtu hawezi kuchoka?

Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, ana baka jeupe usoni kama mtu aliyejipaka unga. Tumemwita Unga. Maziwa ni mengi mpaka nimekosa vyombo. Jamu ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano, nimepika makopo kumi na tisa, la ishirini lilipasuka. Majani yamekuwa marefu mwaka huu, kila mtu yuko mlimani anakata, hata ukitaka mtu wa kumwuliza jambo humpati. Tukivuka mto tunavuka kwa farasi, wanawake wanashika mikia, tunacheka sana.

Ulipokuwa mdogo ulimwaga chumvi yote kwenye ndoo ya maziwa, ukaja mwenyewe ukaniambia, "Mama, ndoo imejimwaga chumvi." Sijui kwa nini nimekumbuka.

Nguo za joto unazo?

Mama yako


Bishkek, 27 Julai 1998

Mama, shikamoo,

Nimekuuliza habari ya mashahidi, umenijibu ng'ombe. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la mtu mmoja tu, nimempata Unga. Unga hawezi kusimama mahakamani.

Nakuomba. Siku zinakwisha. Dada Klara kila asubuhi ananiuliza, "Mama yako kajibu?" Nami namwambia posta inachelewa.

Kama watu wanaogopa, niambie wanaogopa. Lakini niambie kitu.

Burulai


Ak-Kechuu, 5 Agosti 1998

Mwanangu Burulai,

Wote wazima, leo sitawataja, wanisamehe. Nimekaa chini asubuhi nikasema sitainuka mpaka niandike, na chai yangu imeshapoa.

Watu hawaogopi. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa.

Ile Jumanne ya kwanza, kwenye mkanda, tuliona mwenyeji akileta kichwa cha kondoo na kukiweka mbele ya Omurzak, kwa heshima. Wewe ukasema, "Tazameni nani kapewa heshima ya karamu." Lakini tuliona na kilichofuata. Omurzak aliigusa sahani kwa vidole, hakushika kisu, akaisogeza kulia kwake kwa mzee Kasym. Bibi yako pale pale akasema, "Mtoto mwenye adabu. Baba yake bado hai."

Umeondoka hapa na miaka kumi na tano ukaenda kusoma, labda umesahau, na huko mjini wanakula nyama kwa uma kama wanachokoa meno. Mwanamume ambaye baba yake yu hai hakikati kichwa. Akipewa, anakigusa na kukipisha kwa mkubwa. Akikikata ni kama anamchimbia baba yake kaburi. Hata mlevi hafanyi. Baba yako mwenyewe alikata kichwa cha kwanza akiwa na miaka arobaini na sita, na usiku ule hakula kitu.

Na baba yake Omurzak, mzee Sadyk, alikufa Novemba ya mwaka juzi. Mimi nilikwenda kulia msibani kwake, nilivaa yale makoti mawili kwa baridi. Kwa hiyo Mei ya mwaka jana Omurzak alikuwa yatima, angekikata kile kichwa mwenyewe, na wote wangemtazama wakisema sasa amekuwa mkubwa wa nyumba. Hakukikata. Karamu ile ni ya zamani, mwanangu. Omurzak anasema kweli. Simpendi, amemfukuza Ermek kazi kwa ajili yako (basi, nimesema), lakini katika hili anasema kweli.

Nilimwuliza Kasym mwenyewe juzi, mlimani. "Mzee, karamu ile ilikuwa lini?"

Akasema, "Mwaka wa tisini na tano. Nilikula jicho la kushoto. Lilikuwa gumu."

Sasa lililoniondolea usingizi ni lingine. Ile Ijumaa mlipoirudia, sahani iliwekwa mbele ya Omurzak, halafu hapo hapo tukaona mto. Kusogeza hakupo. Bibi yako akapiga goti lake, "Leo mbona hampishi Kasym?" Nikamwambia umesinzia, mama. Akasema, "Jino ninalo moja, macho ninayo mawili."

Mtu ameukata ule mkanda. Sitaki kujua ni nani. Hapana, nataka. Niandikie.

Mama yako, Uulkan


Ak-Kechuu, 21 Agosti 1998

Burulai,

Sote wazima. Nurjan sasa anakimbia.

Sijapata barua. Dereva anayepeleka mizigo Bishkek nimemwuliza mara tatu kama ameipoteza, leo ameniona kwa mbali akageuza gari.

Kama umenikasirikia, niandikie kwamba umekasirika, nitajua uko hai. Kama hutaki kuandika, tuma bahasha tupu.

Mama


Bishkek, 8 Septemba 1998

Mama, shikamoo,

Nisamehe. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu mwezi mzima. Nilikuwa nikiitoa, nikisoma mpaka kwenye jicho la kushoto, nikacheka, nikairudisha kabla ya kufika mwisho.

Ni mimi niliyekata.

Ile Jumanne tuliuonyesha mzima. Jumatano niliutazama tena peke yangu kwenye chumba cha kuunganishia picha, nikaona ule mkono wake unasogeza sahani, na kitu kikanichoma. Sikukumbuka yote uliyoniandikia, naapa. Lakini nilikumbuka baba alivyokuwa akisogeza, nilipokuwa mdogo nimekaa mgongoni kwake. Nikajua kwamba mkono ule una maana, na nikajua kwamba nikimpigia mtu simu kumwuliza nitaijua. Sikumpigia. Nikamwambia Timur, "Hapa pafupishe, habari ni ndefu." Sekunde tatu tu, mama. Tangu siku ile nimekuwa nikijiambia zilikatwa kwa sababu ya urefu.

Ndoo imejimwaga chumvi.

Jana nilikwenda kwa dada Klara. Nilimweleza yote. Alitia kalamu mdomoni, kisha akasema, "Miaka ishirini na mbili. Nimepita kwenye chama, nimepita kwenye wachunguzi wa habari, nimepita kwenye mawaziri watatu. Na nitaangushwa na kichwa cha kondoo?"

Nikasema, "Ndiyo, dada."

"Unaweza kunyamaza. Kasym ni mzee. Mahakamani hakuna anayetazama sahani."

"Bibi yangu anatazama."

"Bibi yako hayupo mahakamani!"

"Yupo kila nyumba kule kwetu, dada. Wote wameiona. Wanajua tangu Juni. Wanatungoja sisi tu tujue."

Alinitazama. Dada Klara alizaliwa mjini, mama yake alikuwa mwalimu wa Kirusi, hajawahi kukaa kwenye kitambaa kile. Nilimwona anafikiria nyumba zote zile. Akauliza, "Na daraja?"

Nikamwambia daraja limeanguka kweli, na sisi tulikuwa na daraja mkononi, tukaliacha tukakimbilia nyama.

Akanitukana. Sitakuandikia alivyonitukana, mama, ila matusi yake ya Kirusi yanajaza mistari miwili. Halafu akasema, "Ijumaa. Dakika moja. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, na ukilia nitakukata."

Kwa hiyo Ijumaa tarehe 11, saa mbili. Msiite watu.

Burulai


Ak-Kechuu, 20 Septemba 1998

Mwanangu Burulai,

Salamu kwa haraka: baba mzima, bibi mzima, Ermek mzima, Aizada mzima, Nurjan kala sabuni lakini mzima, Sonunbubu ameacha kukohoa na ameanza kusema nami, kwa hiyo sasa ni mimi ninayekohoa nikitaka anyamaze.

Uliniambia nisiite watu, sikuita hata mmoja. Walikuja wenyewe. Walijaa mpaka kwenye ngazi. Ukatokea, uso mweupe kama Unga, ukasema, "Tarehe ya karamu tuliyowaambia si ya kweli, na sehemu ya mkanda iliyoonyesha hivyo niliiondoa mimi, na namwomba radhi Bwana Omurzak na ninyi mliotazama." Kisha wakaonyesha mkono ule unasogeza sahani, taratibu, mara mbili. Bibi yako akasema, "Haya, amekua." Sijui alikuwa anamsema Omurzak au wewe. Baba yako hakupiga makofi, alitoka nje kumtazama farasi ambaye hakuwa na shida yoyote. Mimi nililia, mimi hakuna wa kunikata.

Wengine walicheka, sikufichi. Mume wa Sonunbubu alisema, "Miaka mitano ya chuo kikuu, kafundishwa kula na bibi." Sonunbubu akamwambia, "Wewe tangu tumeoana umekosea mangapi, na umesema lipi?" Watu wakaanguka kwa kicheko, na hapo ndipo tulipopatana, mimi na yeye.

Nimesikia Omurzak kaondoa kesi, na mwenye kituo kampa dada Klara mpaka mwisho wa mwezi huu aondoke. Na Alhamisi nilikuona unasoma hali ya hewa. Ulisema mvua kwetu. Hapa jua lilikuwa linatoboa paa. Nilianua nguo hata hivyo, mbele ya watu wote.

Sasa sikiliza, hii ndiyo sababu naandika haraka, na mwandiko unisamehe.

Leo asubuhi amekuja mtu, Sagyn, wa kijiji cha ng'ambo. Ni yule aliyekuwa akisuka nondo kwenye nguzo za daraja wakati wa kulijenga. Kaja kwa farasi, kamfunga mlangoni, kavua kofia, kakaa, kanywa mabakuli sita ya chai. Nikajua ana jambo. Nikamwekea mkate na jamu. Akala, akasema, "Mama Uulkan, binti yako ndiye yule aliyesema amekosea?"

Nikasema ndiye. Nilifikiri kaja kutukana.

Akasema, "Wamenijia watu watatu tangu kiangazi. Wa magazeti, wa chama, wa mwendesha mashtaka. Kila mmoja alikuja na maneno yake tayari, alitaka mdomo wangu tu. Niliwafukuza. Huyu binti amesimama mbele ya nchi nzima akajivua nguo mwenyewe. Huyo hataniongezea neno nisilosema."

Nikamwuliza, "Una neno gani, ndugu yangu?"

Akasema, "Maji yameshuka. Njoo uone."

Tulikwenda, mimi, yeye na Ermek. Mwezi huu mto umepungua mpaka magotini. Nguzo ya katikati imelala kwenye mawe, imepasuka kama mkate, na ndani yake, Burulai, mahali pa nondo za chuma, pana miti. Fito za mti wa mpopla, na magome yake. Unaweza kuzishika. Ermek alivuta moja ikatoka yote na jani moja kavu bado liko juu. Sagyn alisimama kwenye maji akasema, "Nilizisuka mimi kwa mikono hii. Msimamizi wa Shailoo alituambia chuma kiko njiani, fungeni hizi kwanza. Na siku ya kukaguliwa, aliyekuja kupiga nguzo kwa fimbo akasema nzuri, nilikuwa nimesimama karibu naye kama ninavyosimama na wewe." Nikamwuliza ni nani huyo. Akasema hilo atalisema kwako, mbele ya kamera, mara moja tu, na hataki lifupishwe.

Nikamwambia halitafupishwa. Nimekuahidia, usiniaibishe.

Lakini Alhamisi trekta mbili za Shailoo zinakuja kusafisha mto. Zimeshaagizwa. Zikishapita hapatakuwa na nguzo wala fito, patakuwa na mto msafi. Leo ni Jumapili. Ermek amekwenda kulala palepale ukingoni na hema la kuchungia kondoo, asije mtu akawahi. Mwambie dada Klara. Mwambie safari hii hakuna nyama, ni daraja tupu. Njoo na huyo Timur na mkanda mpya, na uje na buti, na uvae sweta, huko mtoni sasa ni baridi si kama Juni.

Barua hii anakuletea dereva wa mizigo, nimemwapisha. Anarudi Jumanne asubuhi mapema. Mpe jibu mkononi, mstari mmoja unatosha: unakuja au huji, na saa ngapi. Usiache arudi mikono mitupu, kwa sababu Sagyn bado yuko jikoni kwangu, amesema haondoki mpaka ajue, na ameanza kopo la tatu la jamu.

Mama yako anayengoja,
Uulkan